Tangazo la Msiba Siku za Ukimya

San Bernabé, Jumatatu, 25 Juni 2012
Asubuhi ukungu mzito, manyunyu hadi saa tatu, kisha jua.

Dada yangu Zoila,

Don Wenceslao anavuka mpaka kesho na mabeseni yake ya plastiki ya kuuza, naye atakubebea barua, kwa hiyo naandika leo. Kule kwako simu bado haishiki, na hata ingeshika, mambo haya nisingeyasema kwa sauti.

Gildardo Penagos anagombea umeya. Ndiyo, yuleyule. Picha yake imebandikwa hadi kwenye ukuta wa mchinjaji: kofia nyeupe, mtoto wa watu mkononi. Uchaguzi ni Jumapili hii na wengi wanasema atapita.

Nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyozoea katika shajara yangu.

Kwanza. Jana alifunga mkutano wake uwanjani kwa maneno haya: "Mji huu umejaa wageni wenye midomo mirefu. Nikiingia ofisini, kazi ya kwanza ni ufagio." Watu walicheka, kisha wakageuka kunitazama. Nilikuwa mlangoni pa duka la dawa, sina pa kujificha.

Pili. Nicandro, dereva wa gari langu la matangazo, ana binamu anayefanya kazi kwa Penagos. Binamu anasema jina langu ndilo la kwanza kufagiwa. Leseni ya gari hutolewa na meya. Bila leseni sina kazi, na bila kazi ofisi ya uhamiaji hainihuishii kadi ya ukaazi. Akishinda, mwaka mpya utanikuta kwako, nimelala juu ya magunia yako ya mahindi.

Tatu. Sijasahau. Miaka kumi na miwili iliyopita, asubuhi ya uchaguzi, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwako, na ulisema maneno haya tu: "Masanduku yamefika. Pigeni kura, msiziuze." Penagos, ambaye ndiye aliyekuwa akizinunua, akawaapisha vibarua wake wawili kwamba ulitaja chama. Kifungu cha thelathini na tatu cha katiba yao: mgeni asijiingize katika siasa za nchi. Walikupandisha lori ukiwa na kandambili, hukuruhusiwa hata kuingia ndani kumuaga mama. Mama alipokufa Novemba ile, nilizunguka na gari mitaani nikimtangaza, nikataja jina lako kati ya wafiwa, nawe ulikuwa ng'ambo ya mpaka hujui lolote. Tulikuja nchi hii watoto wadogo, tukikimbia moto. Wao wakakurudisha kwenye majivu.

Nataka aanguke. Ila nataka aanguke nami nibaki nimesimama. Nipe shauri.

Mdogo wako,
Imelda

*

El Carrizal, Jumatano, 27 Juni

Imelda,

Shauri unaniomba mimi? Mimi niliyefukuzwa kama mbuzi aliyeingia kanisani?

Haya, sikiliza. Wimbo wake wa kampeni unao? Lazima unao, hakuna asiyekuwa nao. Jumapili asubuhi washa gari, upige wimbo huo mbele ya kila kituo cha kura, kwa sauti ya juu. Siku hizo kampeni ni marufuku. Watasema ni yeye aliyetuma. Akutendaye mtende.

Na uache kunihesabia kwanza, pili, tatu, kama karani wa posta. Mama alikuzaa siku ya baridi, ndiyo maana damu yako haichemki. Yangu inachemka tangu siku ile ya lori. Nikisaga mahindi, kila punje naiita Gildardo. Unga wangu unasifiwa kijiji kizima kwa ulaini.

Fanya jambo, usiniandikie barua za ukungu na manyunyu.

Zoila

Nani analala chumba changu siku hizi? Nauliza tu.

*

San Bernabé, Alhamisi, 28 Juni 2012
Mawingu tangu alfajiri, hakuna upepo, joto la mvua inayojizuia.

Dada,

Barua yako nimeipata mchana huu. Nimecheka juu ya mbuzi, kisha nikaichoma. Samahani, ila nimeichoma.

Leo siku za ukimya zimeanza. Usiku wa jana walikuwa bado wanafyatua fataki. Leo hakuna hata anayepiga filimbi. Hakuna mikutano, hakuna nyimbo, redio haitaji mgombea wala kusema nani anaongoza, hadi vituo vifungwe Jumapili jioni. Vijana wa halmashauri wanapita na ndoo za chokaa wakipaka kuta.

Na kama ilivyo kila uchaguzi, ukimya huu sisi wageni unatubana mara mbili. Fabrizio wa mkate na piza amefunika bendera ya kwao Italia kwa shuka la kitanda, kwa sababu rangi zake zinafanana na za chama. Nilimkuta juu ya ngazi.

"Imelda, shuka hili lina maua ya manjano. Manjano si chama pia?"

"Ni chama."

"Basi nitatundika taulo."

"Taulo lako ni la buluu, Fabrizio."

"Mama mzazi! Nitabaki na rangi gani, ya ngozi?"

Wale wazee wawili wa Kanada wenye ukurasa wa habari za mji kwenye mtandao wameufunga hadi Jumatatu. Hata picha ya paka aliyepotea wameiondoa, kwa kuwa paka alikuwa amekaa chini ya bango la mgombea. Unaweza kucheka, lakini mwanamke mmoja wa Honduras aliitwa uhamiaji mara tatu uchaguzi uliopita kwa kuvaa kofia aliyopewa bure sokoni.

Kwa hiyo wimbo sipigi. Ukitoka kwenye gari langu, wa kwanza kuulizwa ni mimi, na Penagos atakaa kivulini akinitazama nikipakiwa. Hilo ndilo analolitaka, nawe unataka nimpelekee mwenyewe. Mwoga niite. Nitakaa kimya na nitaangalia.

Chumba chako hakuna anayelala. Nimeweka mablanketi ukutani, ndipo ninaporekodia matangazo.

Imelda

*

San Bernabé, Jumamosi, 30 Juni 2012
Mvua kubwa alfajiri, bomba la paa limeng'oka, saa nne kukakauka.

Dada,

Doña Elpidia Penagos alifariki jana alfajiri. Mama yake. Unakumbuka alivyokuwa akitembea, mkono mmoja umeshika kiuno kana kwamba mfupa utadondoka. Anazikwa kesho saa kumi jioni.

Leo asubuhi Gildardo alikuja kwangu mwenyewe. Hakuingia na bibi yake wala wapambe, alikuja na mwavuli. Msiba wowote mji huu hupita kwenye gari langu. Asiyetangazwa na gari ni kama hajafa. Nilimpa kiti.

"Imelda, mama ametutoka."

"Pole sana, Don Gildardo. Mungu amlaze pema." Na nilimaanisha, marehemu hakunikosea.

Akanipa karatasi. Mstari mmoja na nusu ulikuwa wa Doña Elpidia. Mingine yote ilikuwa yake: mama wa meya wetu ajaye, mama aliyeomba hadi pumzi ya mwisho maji yafike kila nyumba, Jumapili tusimwangushe mama.

Zoila, kila siku za ukimya watu huniletea matangazo ya namna hii. Mganga, mwenye saluni, chama cha wenye ng'ombe, kila mmoja hupenyeza mgombea wake. Kazi yangu ni kuwakatia. Wote wanajua: peleka kwa Imelda, atakata panapostahili. Nafikiri naye alikuja akijua hivyo, kwamba kama kuna neno baya mimi nitaliona.

"Hii siwezi kuisoma," nikamwambia.

"Kwa nini? Umepandisha bei?"

"Bei ni ileile. Mimi ni mgeni, Don Gildardo. Humu kuna siasa. Sheria hiyo unaijua kuliko mimi."

Akacheka, mfiwa, akacheka. "Angalau wewe umefundishika. Dada yako alikuwa kichwa cha nyumbu."

Niliinamisha kichwa nikapanga nyaya. Nicandro alikuwa mlangoni. Alikohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa.

"Sasa nani atasoma?" Penagos akauliza.

"Asome raia. Na watu huguswa zaidi wakimsikia mfiwa mwenyewe."

Alilifikiria hilo. Nikaona linavyomwingia taratibu, kama siagi kwenye mkate wa moto. Akavua kofia, akaingia chumbani kwako kati ya mablanketi yangu, akasafisha koo.

Hakuniuliza lolote kuhusu siku za ukimya. Angeuliza, ningemjibu. Sheria inayonihusu mimi ameikariri. Inayomhusu yeye imempita.

Tangazo nimelikata lienee katika dakika moja, kama matangazo yote ya msiba. Njia ya gari kaipanga yeye: mitaa yote, na kesho asubuhi tangu saa mbili hadi mazishi. "Pita pia shuleni na sokoni," alimwambia Nicandro. Shuleni na sokoni ndiko viliko vituo vya kura.

Nicandro aliniuliza, "Bosi, una hakika?"

"Wewe ni raia?"

"Nilizaliwa nyuma ya kanisa lile pale."

"Basi endesha. Mimi kesho sitoki nyumbani."

Imelda

*

San Bernabé, Jumatatu, 2 Julai 2012
Jua tangu asubuhi, anga safi, nguo zimekauka kabla ya saa tano.

Dada,

Jana nilikaa uani nikimenya maharage, na sauti yake ikapita mara nne nje ya ukuta wangu. "Mimi Gildardo, mwanawe na mtumishi wenu." Sauti nzuri, haikutetemeka hata mahali pamoja.

Mengine nimeyapata kwa Nicandro. Mbele ya shule foleni ilikuwa imezunguka kona. Gari lilipofika kwenye "Jumapili tusimwangushe mama", bibi mmoja aliyeshika rozari alisema kwa sauti: "Mama hajafunikwa udongo, huyu keshamgeuza bango!" Watu wakaguna. Mwalimu Licha Albores, yule wa chama cha upande wa pili, alitoa simu akairekodi yote, akamfuata Nicandro kwa miguu hadi sokoni akirekodi. Msimamizi wa kituo akasimama katikati ya barabara.

"Zima hicho!"

"Ni tangazo la msiba, mkuu."

"Msiba wa nani, wa Doña Elpidia au wa chama?"

"Mkuu, mimi nalipwa kuendesha."

Hata hivyo, kura zilipohesabiwa alishinda. Tofauti yake ni watu wa kujaa basi moja. Fataki zilipigwa nyumbani kwake, msiba ukiwa bado. Mazishini walikuja wachache kuliko waliokuja kwa mama yetu, na sisi tulikuwa wageni.

Mwalimu Licha amepeleka malalamiko kwenye mahakama ya uchaguzi. Tungoje.

Imelda

*

El Carrizal, Alhamisi, 5 Julai

Imelda,

Ameshinda! Nimesoma barua zako mbili kwa pamoja na ninachokiona ni kimoja: ameshinda. Nilikuambia umwangushe, wewe ukampa kiti, ukampa kipaza sauti, ukampa na chumba changu. Chumba changu, Imelda! Akaniita nyumbu ndani ya nyumba ya mama na wewe ukapanga nyaya.

Wamemwonea huruma, ndiyo maana wamempa. Mfiwa hupewa kila kitu. Hukulijua hilo, wewe uliyeishi kwa matangazo ya misiba? Au ulilijua?

Watu wa hapa wameniuliza kwa nini nimepiga kelele. Nimewaambia nyoka ameingia jikoni.

Usiniandikie hadi uwe na jambo la kuniambia.

Zoila

*

San Bernabé, Jumanne, 14 Agosti 2012
Radi usiku kucha, asubuhi baridi, nimevaa sweta la marehemu mume wangu.

Dada yangu,

Sasa nina jambo la kukuambia.

Mahakama imefuta ushindi wake. Wamesema mgombea, kwa sauti yake mwenyewe, amefanya kampeni siku za ukimya na mbele ya vituo, na kwa tofauti ndogo vile haiwezi kusemwa kwamba haikudhuru. Uchaguzi utarudiwa, naye haruhusiwi kusimama. Mkuki kwa nguruwe. Nilitaka kukuandikia methali hiyo tangu Juni.

Siku tatu baada ya hukumu alinishitaki uhamiaji. Kifungu kilekile, mlango uleule. Ila mwaka jana sheria ilibadilika: mgeni hafukuzwi tena bila kusikilizwa. Wewe hukupewa hilo. Nilipanda basi hadi ofisi ya uhamiaji ya Comitán nimevaa viatu vya kufunga, sikutaka kandambili siku hiyo.

Ofisa ni kijana mwenye mafua. Penagos alikaa upande wa pili na mwanasheria wake. Ofisa aliweka tangazo, tukalisikiliza sote hadi mwisho, kisha akauliza:

"Sauti ya mgeni iko wapi?"

"Gari ni lake!" akasema Penagos.

"Nimeuliza sauti."

"Yeye ndiye aliyenitega! Aliniambia nisome mwenyewe!"

"Bibi, ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia mimi ni mgeni siwezi kusema mambo ya siasa."

Ofisa akapenga kamasi. Mwanasheria akatazama dari. Hapo Penagos akasema jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu niliposhuka kwenye basi.

"Aulizwe kipande kingine kiko wapi. Nilimlilia mama yangu pale. Nilikuwa nimemaliza kusoma nikalia. Yeye amekiondoa. Watu wangesikia kilio kile wasingesema nimemuuza mama yangu!"

Ni kweli, Zoila. Sikukuandikia hili. Alipomaliza karatasi yake hakujua kwamba mashine bado inanasa. Aliinamia meza akalia kilio kibaya, cha mtu mzima asiyezoea, akimwita mama yake kwa jina la utotoni. Kilikuwa kirefu. Nilisimama nje ya mlango nikisikia kwenye vipokea sauti. Alipotoka, macho mekundu, alisema tu, "Tengeneza, Imelda, wewe unajua." Nami nikatengeneza.

Ofisa akaniuliza kama ni kweli.

"Tangazo la msiba ni dakika moja," nikasema. "Kinachozidi hukatwa, kwa tajiri na kwa maskini. Muulize yeyote San Bernabé."

Ni kweli tupu. Hakuniuliza ningeweza kukata upande gani. Ningekata siasa nikaacha kilio, na leo angekuwa meya anayependwa hadi na maadui zake. Nilikaa na vile vipande viwili mbele yangu kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kahawa ilikuwa nzuri.

Ofisa ameandika: hakuna kosa. Nabaki.

Kile kilio ninacho bado. Hakuna mtu mwingine aliyekisikia.

Mdogo wako asiyechemka,
Imelda

*

El Carrizal, Ijumaa, 17 Agosti

Imelda wangu, Imelda wa mama yangu,

Nimeisoma mara nyingi hadi karatasi imelainika. Nisamehe niliyokuandikia Julai. La, usinisamehe, nitukane kwanza, halafu nisamehe.

Nilimsomea jirani yangu Tránsito pale ofisa anapouliza sauti ya mgeni iko wapi. Tumecheka hadi tukakaa chini. Kisha nikamsomea pale pa kilio, na Tránsito akasema, "Dadako anatisha." Nikamwambia hujamjua, huyo hata kuku humchinja kwa mpangilio.

Kile kilio usimpe mtu. Kiweke kwenye chumvi kama nyama. Akatembee mji mzima na jina la mtu aliyemuuza mama yake, na sisi tukae tukijua si kweli. Hiyo ndiyo tamu yake. Mimi nilisemwa nimetaja chama, na aliyejua kwamba si kweli alikuwa yeye peke yake.

Dada yako,
Zoila

*

San Bernabé, Ijumaa, 24 Agosti 2012
Mvua tangu usiku, mto umepanda hadi kwenye bustani ya Fabrizio.

Dada,

Penagos amekuja. Safari hii hakuwa na mwavuli, alikuwa amelowa. Hakuna anayemwamkia, Zoila. Kinyozi humnyoa bila kusema neno. Kanisani benchi lake linabaki na nafasi pande zote mbili. Juzi watoto waliimba nyuma yake, "Mama anauzwa, mama bei gani?"

Hakuketi.

"Nataka kile kipande. Nikipige mjini Jumapili, baada ya misa. Umeya basi, siutaki tena. Nataka wajue nilimlilia mama yangu."

"Kilikatwa."

"Unacho. Mtu kama wewe hatupi kitu."

Akasema: "Nitakwenda uhamiaji na mwanasheria. Nitaapa kwamba vibarua wale wawili niliwalipa, na Zoila hakutaja chama. Amri ya kumfukuza itafutwa. Atarudi. Kipande kwa kiapo."

Nimemuuliza mwanasheria mwingine Comitán. Anasema ndiyo, kwa kiapo kama hicho amri ya zamani huondolewa, na wewe unaweza kuvuka mpaka mchana, kwa basi, kama watu.

Basi ni hivi. Tukimpa, watu watamhurumia, watamsamehe, wataanza tena kumwita Don. Kisasi kitakuwa kimekwisha. Tukimnyima, kinabaki.

Aliyefukuzwa ni wewe. Sitaki kukuvuta upande wowote, kwa hiyo sisemi ninalotaka mimi. Nimemwambia aje Jumapili ya tarehe 2 Septemba. Niandikie neno moja: mpe, au mnyime.

Imelda

*

El Carrizal, Jumatatu, 27 Agosti

Imelda,

Mpe.

Umesema neno moja, lakini siwezi kuliacha peke yake.

Umeona barua zangu zote, mimi mwenye moto, mimi mwenye kusaga punje. Nilikuwa ninaandika hivyo kwa sababu nilidhani sirudi. Mtu asiyerudi lazima awe na kitu cha kufanya. Ulipoandika "kwa basi, kama watu", nilikwenda nje nikasimama kwenye mvua, Tránsito akadhani nimepata habari ya kifo.

Hapa nimeishi miaka kumi na miwili na bado wananiita yule wa kutoka kule. Huko nako walituita wageni. Lakini huko nilijua kila mlango, na nani anafungua kwa mguu kwa sababu mikono ina unga.

Alie mjini kote kama anataka. Wamsamehe, wamfanye mtakatifu, wambebe. Mpe kilio chake nami unipe nyumba yangu. Toa hayo mablanketi ukutani.

Don Wenceslao anasema daraja linatetemeka ila atapita tu.

Dada yako,
Zoila

*

San Bernabé, Jumanne, 4 Septemba 2012
Asubuhi angavu, hakuna wingu, mto umeanza kushuka. Daraja limefunguliwa saa nne.

Dada yangu Zoila,

Don Wenceslao amefika leo saa sita mchana. Alikwama ng'ambo ya mto tangu Jumanne iliyopita, yeye na mabeseni yake na barua yako. Amenipa ikiwa imelowa. Nimeikausha juu ya komali ya kuokea chapati za mahindi, ndipo nikaisoma.

Jumapili Penagos alikuja kama tulivyoagana. Alikuwa na mwanasheria, na kiapo kilikuwa kimekwisha andikwa, kimepigwa muhuri. Aliniwekea mezani nikakisoma. Jina lako limeandikwa kamili, na chini yake: hakutaja chama chochote. Sahihi yake ipo.

Nilimwambia jibu lako halijafika, aje wiki ijayo. Akasema wiki ijayo mwanasheria hayupo, na yeye anahamia Tuxtla kwa mwanawe, mji huu umemshinda, ni leo au basi. Nikaenda chumbani kwako nikachukua barua yako ya Agosti. "Kile kilio usimpe mtu." Nikaisoma mara mbili. Nikafikiri: dada yangu akisema, amesema. Kama angekuwa hapa angenicheka kwa kusitasita. Na nitakuambia lote: nilikuwa nikimtazama amesimama pale jikoni kwa mama, kofia kifuani, na nikapenda kumwona vile. Nilitaka niendelee kumwona vile.

"Imelda," akasema, "ni mama yangu."

"Nami nilikuwa na mama, Don Gildardo. Nilikuwa na dada pia."

Nilimwita mbele ya kompyuta ili aone kwa macho yake. Nikaonyesha kipande, nikakifuta, nikafuta na nakala. Yeye hakupiga kelele. Alikunja kiapo mara nne, akakitia mfukoni, akamwambia mwanasheria, "Twende." Jana asubuhi lori lilipakia vitanda vyake.

Leo nilipomaliza kusoma barua yako nilikimbia hadi nyumbani kwake. Nilikimbia kweli, Nicandro aliniona akaja nyuma na gari. Mlango una kufuli. Nimepata namba ya mwanawe kwa mchinjaji, nimepiga. Alipokea Gildardo mwenyewe. Nikamwambia natafuta njia, pengine kuna fundi wa kurudisha vilivyofutwa, pengine mwezi ujao. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mimi ni mkaazi wa Tuxtla sasa," akasema. "Mambo ya San Bernabé hayanihusu." Akakata.

Fundi wa Comitán nimempigia pia. Anasema nilifuta vizuri, kama mtu anayejua kazi yake.

Mablanketi nimeyatoa ukutani. Kitanda chako nimekitandika. Sijui nimekitandikia nini, ila nisingeweza kuingia humo tena kurekodi.

Nichukie, Zoila, lakini usiache kuniandikia.

Imelda

Jumatano, 5 Septemba. Barua bado iko hapa, Don Wenceslao anaondoka saa tatu. Naongeza mstari mmoja kutoka kwenye shajara. Kwa siku ya jana niliandika hali ya hewa tu, kisha nikaacha ukurasa mtupu, na chini kabisa: naingia kulala saa kumi na moja kasoro robo, alfajiri.